Mhariri Alisema Hamjui

Nilipokuwa katika shirika la kutetea usalama wa waandishi wa habari, ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Kanyenye, juu ya duka la vitambaa. Asubuhi moja aliingia mwandishi wa redio kutoka Igunga, mwanamke wa makamo, mkono umefungwa kwa khanga. Alikuwa ametangaza kwamba mizani ya pamba kijijini kwao imechezewa. Wanunuzi wa pamba wakamvizia njiani, wakamvunja vidole vitatu kwa jiwe, kimoja kimoja, huku wakimwamuru ahesabu kwa sauti. Kisha wakaondoka na kitambulisho chake cha kazi.

Bila kitambulisho, taratibu zetu za kulipia matibabu zilitaka mwajiri athibitishe kuwa ni mwandishi wake. Nikampigia mhariri wake, nikaweka spika ili naye asikie.

"Shikamoo mzee. Huyu dada ni mwandishi wenu?" Nikamtajia jina lake.

"Marahaba. Hapana, simjui."

Dada akainamia simu. "Bosi, ni mimi. Miaka sita nasoma taarifa yako ya asubuhi."

"Sauti hiyo siijui," akajibu, akakata.

Nilijua anadanganya. Kila nilipopita Igunga nilimsikia dada yule redioni. Lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika hivyo, nami niliogopa kupoteza kazi. Nikamwambia hatuwezi kumgharamia matibabu.

Hakulia. Aliniomba nimfunge khanga upya, nikamfunga.

Vidole vilipona vikiwa vimepinda. Siku hizi analima mpunga, na redio ile inatangaza bei za pamba inazoletewa na wanunuzi walewale.