Eda Niliyojikalisha

Taarifa iliyomfikia binti yangu huko Dodoma ilikuwa na mashtaka matatu: kwamba baba yake hanyoi, hapigi pasi, na hafui. Naomba kuweka kumbukumbu sawa tangu mwanzo. Mashtaka mawili ya kwanza yalikuwa ya kweli. La tatu lilikuwa uongo mtupu, na jirani aliyelituma kwa simu analijua hilo, kwa kuwa kamba yangu ya kuanikia nguo inapita mbele ya dirisha lake.

Nilitumika masjala, nikitunza majalada, maisha yangu yote ya kazi, na hakuna kitu kinachonikera kama taarifa inayochanganya kweli na uzushi katika aya moja. Lakini binti yangu hakutaka kusikia utetezi.

"Baba, Ijumaa ya wiki ijayo nashuka stesheni," alisema kwa simu. "Tunafunga nyumba, unakuja kukaa kwangu. Mjadala hakuna."

Nyumba aliyotaka kuifunga iko Ujiji. Niliijenga na mama yake, tukaipanga baraza ili mtu anywe chai yake akiliona ziwa. Mama yake alikuwa amefariki miezi saba kabla ya simu hiyo. Nilikuwa nimempoteza mke. Sikuwa tayari kuipoteza na baraza.

Nikampelekea malalamiko dada yangu mkubwa, anayekaa Rusimbi. Alikuja asubuhi iliyofuata, akasimama mlangoni na kikapu chake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Na hizo ndevu, mbona haziniamkii?"

Nilimweleza kwa utaratibu. Mwanamke akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi, bila manukato wala mapambo. Nilijua fika kwamba mwanamume hana eda. Lakini niliona si haki. Kama ningetangulia mimi, mke wangu angenikalia siku zote hizo bila kupunguza hata moja. Basi nami nikaamua kumkalia yeye.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini akacheka hadi mtandio ukamdondoka.

"Mdogo wangu! Nani aliyekukalisha eda wewe? Mimi nimeikaa, tena nilioga kila siku na kucha nilikata. Wewe umesoma wapi kwamba eda ni kufuga kichaka? Haya, miezi minne na siku kumi iliisha lini?"

Nilihesabu kwa vidole. Mimi, ambaye sikuwahi kupoteza jalada hata moja, nilikuwa nimepitiliza kwa karibu miezi mitatu bila kujua. Hakuna aliyeniambia kwamba imekwisha. Kwa kawaida aliyekuwa akinikumbusha tarehe ni mke wangu.

Dada alifuta machozi ya kicheko, na nadhani ya jambo jingine pia, akasema, "Imekwisha leo. Inuka."

Tulianza na kinyozi wa karibu na soko. Alinizunguka mara mbili kabla ya kugusa chochote.

"Mzee, kwa kazi hii mashine itazimika. Nianze na panga?"

Nilimjibu kwamba nimekuja kunyolewa, sikuja kufyekwa. Alinyoa vizuri, hilo nalikiri. Nilipotoka upepo wa ziwa ulinipiga shavuni, nikashtuka kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Baada ya hapo tukanunua sabuni ya mawese kwa mama mmoja kutoka Mwandiga, aliyetuamkia kwa Kiha, "Mwakeye," na kunikatia kipande kikubwa kuliko nilichoomba. Kwake huyo huyo tukapata chupa ya mafuta ya mise ya kujipaka, yale meusi yanayokamuliwa kutoka kokwa za mchikichi, yenye harufu ya kitu kilichokaangwa. Jiwe la visigino lilipatikana bure ufukweni. Nilichagua mwenyewe, nikakataa matano kabla ya kuridhika.

Nilianza kushuka ufukweni kila siku, na wanawake wanaoanika dagaa walinitazama siku ya kwanza, ya pili, na siku ya tatu mmoja wao akashindwa kuvumilia.

"Mzee wetu, unang'aa! Unakwenda kuposa?"

"Ninakwenda kusugua visigino," nilisema, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kweli. Walicheka mpaka wakawasahau kunguru.

Kofia ilinishinda. Kofia zangu alizitia wanga mke wangu, nami sikuwahi kuuliza kipimo. Nilikoroga unga wa muhogo kwa kukadiria, nikachovya moja, nikaivika juu ya bakuli lililofudikizwa, nikaiacha juani. Ilikauka ikawa ngumu kama sufuria. Dada aliigonga kwa kijiko, ikalia. Ya pili ilifaa. Nikaivaa Ijumaa pamoja na kanzu niliyoipiga pasi ya mkaa kwa saa nzima, nikaenda stesheni.

Binti yangu alishuka na sanduku kubwa tupu la kubebea nguo zangu. Alinipita.

"We mama," nilimwita, "unamtafuta nani?"

Aligeuka, akaliachia sanduku likaanguka. Tulipofika nyumbani akafanya ukaguzi: akafungua kabati, akanusa taulo, akanitazama nyuma ya masikio kama nilivyokuwa nikimtazama yeye akiwa wa darasa la kwanza. Alipoinamia kichwa changu alisimama hapo hapo.

"Baba. Unanukia mama."

Nilikuwa sijaligundua. Mafuta yale ya mise ndiyo mke wangu aliyokuwa akijipaka nywele, miaka yote. Nilijikalisha eda nikidhani ndiyo njia ya kumuweka karibu, kumbe nilikuwa nimemfungia nje pamoja na sabuni.

Binti yangu alikaa kwenye ngazi ya baraza nikimsimulia yote hadi jiwe la visigino, akavua viatu, akanyoosha miguu kuelekea ziwani.

"Hilo jiwe liko wapi?"

Suala la Dodoma halikutajwa tena. Alikaa siku nne, na sanduku lilirudi limejaa sabuni za mawese na chupa tatu za mise zilizofungwa kwenye kitenge. Kabla hajapanda treni nilimwomba jambo moja tu: amjibu jirani, na katika jibu hilo shtaka la kutofua likanushwe waziwazi. Aliandika hapo hapo. Niliusoma ujumbe kabla haujatumwa, nikaongeza nukta mahali pake.