Jina la Salimu Majini

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukikaa Riverdale Park, Marekani, niliapa kwamba kiangazi hakitaisha kabla sijaogelea kwenye kighuba ambacho Mama alisimuliwa kazini. Kilikuwa kando ya Ghuba la Chesapeake, kimefichwa na miti. Gari lilikomea mbali, kisha unakata msitu kwa miguu karibu saa nzima. Mama alihudumia wazee usiku, na kila Jumapili alisema, "Wiki ijayo." Nilimganda kama kupe mpaka akakubali.

Shida ilikuwa Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. "Maji msiyoyajua yana chunusi," alituambia njiani, yaani lile pepo linalovuta watu chini. "Msiitane majina mkiwa majini. Akilisikia jina lako atakuita nalo, na utaitika."

"Chunusi Marekani, Bibi? Amekuja na ndege?"

"Cheka tu. Kaka yake mama yako naye alicheka."

Mjomba huyo alizama kabla sijazaliwa. Hata hivyo sikurudi nyuma.

Tulipofika, Mama, aliyetoka kazini asubuhi ileile, alijilaza kwenye mkeka, usingizi ukambeba. Mimi na mdogo wangu Salimu, wa miaka sita, tukaingia. Tulirushiana maji tukiitana "wewe" tu: wewe njoo, wewe utaniona! Jamani, raha iliyoje!

Kisha nikamwona Salimu anasogea mbele, kanipa mgongo, maji yamemfika kidevuni.

"Wewe, rudi!"

Hakugeuka. Kutwa nzima nilikuwa nikimwita hivyo kwa utani. Jina lake lilinijaa mdomoni, nikamwogopa chunusi, nikalimeza. Mpaka leo naona aibu kusema hivyo.

"Salimu! Salimu bin Hamisi!"

Alikuwa Bibi. Alilitoa jina zima, kwa sauti iliyomwamsha Mama. Salimu alijua kwamba Bibi ndiye aliyekataza kuitana majina, akashtuka, akageuka, akaanza kurudi huku analia. Nilimdaka mkono nikamvuta mpaka nchi kavu.

Mama akamkumbatia. Bibi hakuja kwetu. Yeye asiyejua kuogelea aliingia majini na kanga yake mpaka magotini, akayaambia maji, "La mtoto lisahau. Mimi ni Mwanaidi binti Shekue. Ukitaka kuita, niite mimi."

Hakuitwa. Alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake Tanga, mkongwe mwenye vitukuu.

Kama chunusi yupo, sijui. Ninachojua ni kwamba Bibi alimwamini kabisa, na bado akalitamka lile jina. Wanangu nimewafundisha kuogelea mwenyewe, na kila kiangazi tunakwenda kwa miguu kwenye kighuba kilekile. Nawaita majina yao waziwazi, tena kwa sauti. Lakini kabla hawajalowa natangulia mimi, na maji yakinifika magotini, nalitaja langu.