Siku Mama Mkwe Alipoipinga Sheria Yetu

Nampenda mama mkwe wangu, na nalisema hilo mwanzoni kabisa ili nikianza kumlalamikia msije mkadhani ni chuki. Ni mkulima wa migomba na kahawa huko Rubya, wilayani Muleba, mwanamke anayeamka kabla ya majogoo na kulala akiwa bado ana maneno. Mimi ni fundi cherehani sokoni Bukoba, na tumepanga Bilele, mjini hapohapo. Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki nyingine namwona, wiki nyingine namsikia tu kwenye simu.

Shida ilianza binti yangu alipoacha kunyonya. Kushona huku mtoto yuko mgongoni inawezekana, mpaka siku atakapogundua kwamba uzi unavutika. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu kilitaka ada ambayo ingenibakizia hela ya sabuni tu. Mama mkwe yeye alikuwa na jibu tayari: kwao mtoto akishaacha kunyonya huenda kukaa kwa bibi. Mume wangu alilelewa hivyo, na mama mkwe mwenyewe pia. Alikuwa ameshanunua kigodoro. Binti yangu angekaa Rubya mpaka afikie umri wa shule, nami ningekuwa namwona sikukuu kwa sikukuu.

"Mukamwana, usiwe na wasiwasi," aliniambia, akiniita kama Wahaya wanavyomwita mke wa mtoto wao. "Kibanjani kwangu, kwenye migomba, hakuna gari la kumgonga."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Rohoni nilikuwa nachemka.

Ndipo halmashauri ikaleta rasimu ya sheria ndogo. Kila soko la manispaa litenge chumba cha watoto, na sehemu ya ushuru tunaotozwa iwalipe walezi, ili mzazi achangie kidogo tu. Kabla haijapitishwa, wananchi tuliitwa kutoa maoni kwenye ukumbi mmoja wa kata ya Bakoba. Mafundi wenzangu wakanichagua niseme kwa niaba yao, kwa kuwa, walidai, mdomo ninao. Nilijiandaa sana. Kwa siku kadhaa nilikuwa naihutubia cherehani, na wateja wakadhani nimechoka akili.

Mkutano ukaangukia siku ileile aliyokuja mama mkwe kumchukua mtoto. Nilimwomba anisubiri nyumbani. Akasema hakutoka Rubya kuja kuongea na kuta. Basi tukaenda wote watatu, mtoto mapajani mwake.

Afisa wa halmashauri alisoma rasimu, halafu akauliza nani aanze. Kabla sijanyoosha mkono, mama mkwe alikuwa ameshasimama.

"Mimi si wa mjini, mtaniwia radhi," alisema. "Lakini naona mnatunga sheria ili mtoto alelewe na mtu wa mshahara. Mtoto, bojo jamani, alelewe na watu wake. Kwani sisi bibi tumekufa? Sheria hii mimi siitaki."

Akaketi. Wazee kadhaa wakapiga makofi. Mafundi wakanigeukia kwa pamoja, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Kwetu mke hasimami mbele za watu akampinga mama wa mumewe. Hata awe na hoja nzuri kiasi gani, hafanyi hivyo. Hotuba yangu yote ikawa haina kazi. Nikimpinga, nimevunja heshima ya nyumba. Nikinyamaza, jioni hiyo mwanangu anaondoka.

Mwenyekiti wa mkutano akamwita mwakilishi wa mafundi. Niliinuka sina hata neno moja. Nikaenda kwanza kwa mama mkwe, nikapiga magoti mbele yake kama tunavyowasalimia wakubwa, na nilipokuwa palepale chini maneno yakanijia.

"Mama amesema kweli," nikasema kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi. "Mtoto alelewe na watu wake. Ninachoomba ni kwamba na mimi nihesabiwe kwenye hao watu. Mchana niko kwenye cherehani, lakini jioni nataka nimwogeshe mwenyewe, nimlaze mwenyewe. Nikipata chumba hicho pale sokoni, nitaweza."

Mama mkwe alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akamgeukia afisa.

"Hao watoto mtawapikia nini?"

"Uji, mama."

"Na mchana?"

Afisa akapekua karatasi zake. "Uji pia."

"Andika ebitoke," alisema mama mkwe. "Ndizi na maharage, zipikwe ziive. Mtoto wa Kihaya hashindi na uji. Mkishaandika hilo, mimi sina neno."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na wale wazee wakapiga makofi kuliko mwanzo. Afisa akaandika kweli. Nilicheka mpaka nikataka kukaa chini, nikakumbuka kwamba bado niko chini.

Nilimsindikiza stendi akarudi Rubya peke yake. Mlangoni mwa gari alinishika bega. "Umenikubalia mpaka nimeshindwa," akasema, na alikuwa anatabasamu.

Miezi ya kusubiri sheria ipitishwe, binti yangu alilelewa na soko zima kwa zamu, leo kwa muuza nyanya, kesho kwa wauza dagaa, na jioni ananukia kazi ya aliyenishikia. Chumba kilipofunguliwa, aliingia bila hata kugeuka kuniaga. Niliumia kidogo, kisha nikafurahi siku nzima. Mchana walikula ebitoke.

Krismasi tulikwenda Rubya. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mtoto anakimbiza kuku nje, jirani mmoja akaingia. Baada ya salamu akamuuliza mama mkwe kwa nini mjukuu hajaletwa kukaa, au huyu mukamwana wa mjini amekataa.

Mama mkwe hakuinua kichwa. "Mama yake anarudi nyumbani kila jioni," alisema. "Nimchukue nimpeleke wapi?"

Nami nilikuwa pembeni yake, kisu mkononi, nimefurahi kuliko siku niliyoolewa.