Kigodoro cha Mgeni

Mgeni aliteremka kwenye lori, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, akauliza kama hapa chai inapatikana. Rejeta, fundi mwenye uwanja huo, hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye kigodoro cha sponji kilichoviringishwa mgongoni mwa mgeni.

"Shemeji, huyu umemtoa wapi?"

"Njiani. Anazunguka dunia akiandika habari za watu," alijibu mwenye lori, kaka wa mke wa Rejeta, anayemiliki mashine ya kusaga. Tayari alikuwa anashusha mnyororo wa kunyanyulia injini. "Mimi habari yangu fupi. Ulisema mwenyewe: injini ya ndege yako ikichemka tena, naichukua ikasage unga."

Ni kweli, Rejeta alikuwa amesema hivyo. Alisema kwa hasira, siku ndege ilipomrudisha chini inafuka mvuke kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Jina la Rejeta alilipata gereji, kwa kuziba rejeta za watu tangu hajaota ndevu. Leo ndege aliyoiunda kwa mikono yake ilikuwa inamuumbua kwa rejeta.

Injini aliing'oa kwenye gari lililopinduka. Haikuwa na pistoni; ndani yake kulizunguka chuma cha pembe tatu, chepesi, chenye nguvu na joto la kutisha, mpaka oili nayo ikahitaji rejeta yake mbali na ile ya maji. Kila ilipochemka, Rejeta alipanua tundu la hewa puani. Ikachemka. Akapanua tena. Mwishowe ndege ikaachama kama mtu anayepiga miayo kikaoni.

"Ndege yako ina usingizi," mkewe alisema.

Wanawe pacha, wanaofanya kazi mjini nyuma ya vilima, walikuwa wakimpigia simu kumuuliza, "Baba, umeshaupita ule mti wa mwisho wa uwanja?" Hilo ndilo lililomchoma.

Hatimaye aliwasha injini, akafukizia moshi wa matambara mbele ya pua, akaona. Hewa ni mvivu: ikipata upenyo pembeni mwa rejeta, haijisumbui kupita katikati. Dawa ilikuwa kuziba kingo kwa sponji, na sponji ilikuwa chumbani, kwenye godoro lao. Kwa uungwana alianzia upande wake wa kitanda. Akafika katikati.

"Baba Pacha," mkewe alimwonya, "ukigusa upande wangu, utalala humo ndani ya ndege."

Sponji ikatosha rejeta ya maji tu; kingo za rejeta ya oili zikabaki wazi.

"Mgeni wetu," Rejeta sasa alisema kwa sauti ya asali, "mzigo huo mzito. Lete nikupokee."

"Ahsante sana, baba."

Mgeni alipotoka kunywa chai, mkasi ulikuwa umeshamaliza kazi.

"Lakini nimekinunua jana!"

"Mwanaume wewe!" mkewe aling'aka. "Mgeni atalala wapi?"

"Nazunguka uwanja mara moja tu, Mama Pacha. Nikitua nakitoa."

"Vipande?"

Rejeta akawasha injini, akajifanya hasikii kwa kelele za propela.

Ndege iliacha nyasi. Kupanda ndiko kulikokuwa na hila: injini inakaza nguvu zote huku mwendo ni mdogo na hewa ni haba. Mshale wa joto ukaanza kupanda naye. Chini, shemeji alikuwa ameuweka mnyororo begani. Rejeta akafungua hita ya gari aliyoifunga miguuni kwa ajili ya siku mbaya, joto la injini likamwagika kwenye suruali yake. Jasho likamtiririka, nyayo zikaomba msamaha. Mshale ukasita. Akashusha pua, mwendo ukaongezeka, mshale ukarudi chini taratibu. Akafunga hita. Haukurudi juu.

Alimaliza mzunguko. Shemeji alikuwa anaurudisha mnyororo kwenye lori, mkewe anapiga makofi mikono juu, na mgeni anakimbia kwenye nyasi akipunga kwa nguvu zote.

"Mwungwana kweli," Rejeta alisema, akampungia. Kisha akageuza pua kuelekea vilimani, kwa pacha.

Alikuwa ameshavuka kilima cha kwanza alipokumbuka kigodoro.