Kwa Nini Namwita Rabson Kambare

Huku Kamsamba mtu mkwepaji, asiyekataa wala kukubali, tunamwita kambare. Maji ya majaruba ya mpunga yakikauka, kambare hubaki kwenye tope. Unamshika kwa mikono miwili, unasema huyu wangu. Ukifumbua mikono, una utelezi tu. Waliokuwa wakivua hivyo ndio walioanza kuwaita watu jina hilo.

Shemeji yangu Rabson ni kambare. Baba yake alipougua, alisema atakuja kesho. Nyumba ya mama yake ilipobomoka, alisema anatafuta mabati. Hajawahi kusema hapana. Angesema hapana, tungejua la kufanya.

Mke wangu Gwalugano alifariki Jumanne alfajiri. Kwetu mwanamke hazikwi kabla kaka yake hajamwona uso, na kaka alikuwa huyo mmoja. Nikampigia simu Tunduma, mpakani na Zambia, anakofanyia biashara.

"Pole sana, shemeji. Naanza safari sasa hivi."

Jioni nikapiga tena.

"Nimeshafika Mlowo, shemeji."

Nyuma yake vijana wanaobadilisha fedha walikuwa wanaita, "Kwacha! Kwacha hapa!" Mlowo hakuna mpaka.

"Rabson, bado uko Tunduma."

"Shemeji, mtandao unasumbua." Akakata.

Kamsamba ni joto. Jumatano mchana harufu ikaanza. Mke wangu alikuwa mtu safi, alifagia uwanja hadi barabarani. Sasa wanawake walijiziba pua kwa khanga na kujifanya wanafuta machozi. Mzee Yonasi wa ukoo wa mke wangu bado alikuwa anasema tusubiri.

"Tumsubiri nani?" nikamwambia. "Leteni misumari."

Jeneza nililigongelea mwenyewe. Tukazika.

Rabson alifika watu wanakula. Alianza kulia akiwa mbali, akaja kujitupa kaburini.

"Dada yangu! Mmemzika bila mimi!"

"Ulikuwa wapi?"

"Gari liliharibika, shemeji."

"Wapi?"

"Huko huko njiani."

"Njia ipi?"

"Shemeji, tusiongee hayo msibani."

"Kambare wewe!" nikasema, mchungaji anasikia. "Toka kwenye kaburi la mke wangu."

Mama mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Rabson akainuka, akakung'uta magoti, akaenda kukaa na wanaume. Wakampa sahani ya wali. Akala.

Binti yangu Frida akanivuta pembeni.

"Baba, mama alikukataza kumwita mjomba jina hilo."

Ni kweli. Alinikataza tangu nimemwoa, na mimi nilimtii hadi leo.

"Basi aje anikaripie," nikamwambia.