Saa Niliyoitolea Ushuhuda

Tangu siku ya Mungu roho yangu haitulie, donc niandike. Kanisa letu la Butembo lilikuwa linauza matoleo kwa mnada, tupate mabati mapya, maana risasi zilitoboa ya zamani. Kukatokea saa ya mukono ya zamani sana. Mushemasi akaniita mbele niseme kama ni ya kweli, kwa sababu mimi ni fundi wa saa. Sikukuwa na tournevis ya kuifungua, na nilisikia haya kusema sijue. Nikaitikisa, nikaisikiliza, nikasema: "Ni ya kweli. Hapana fundi amekwisha kuifungua."

Papa Kasereka, aliyekimbia Beni na mbuzi mumoja tu, akamutoa huyo mbuzi, akapewa saa. Niseme haki: hapana mutu alinisukuma kusema vile.

Papa Kasereka akachomoa kisu kidogo. "Niangalie basi huko ambako hapana fundi alifika."

Akaifungua palepale, akakaza macho.

"Fundi, humu mutu alikwaruza jina. Muhindo, Butembo. Huyo Muhindo ni nani?"

Muhindo ni mimi. Ninaandikaka hivyo ndani ya kila saa ninayotengeneza.

Kwaya ndio walianza kucheka. Mushemasi hakucheka. Alienda kufungua kamba ya mbuzi, amurudishie Papa Kasereka.