Kulia kwa Kiswahili sanifu

Leo nimeambiwa nimelia kwa Kiswahili kibaya.

Jamani, sitanii.

Mnajua siku hizi naingiza sauti za Kiswahili kwenye katuni za Kijapani, studio moja hapa Jeppestown. Leo nilikuwa mama aliyerudi akakuta nyumba imeungua, anamtafuta binti yake.

Nikaitazama ile picha, nikakumbuka Bukavu, siku tuliyokimbia. Sauti ikatoka yenyewe:

"Mutoto wangu! Uko wapi, mutoto wangu?"

Fundi wa sauti ni Mzulu, Kiswahili hajui hata neno. Alivua hedifoni, akapangusa macho. "Eish, Mama," akasema.

Halafu kaka Hemedi, Mtanzania wa Tanga anayetuongoza, akaniambia kwa upole:

"Dada Furaha, umelia vizuri sana. Ila ni 'mtoto', siyo 'mutoto'. Turudie."

Nikarudia. Safari hii nikawa nauwaza ulimi, simuwazi mtoto.

Tukarudia tena na tena, mpaka neno likanyooka na machozi yakakauka.

"Kaka, hata wewe umesikia, ile ya kwanza ndiyo ilikuwa na uhai."

Akainamisha kichwa. "Nimesikia, dada. Lakini wenye kazi wataikataa."

Ikawekwa ya mwisho.

Wakongo wenzangu, na nyinyi wa Tanga na Unguja, hebu niambieni, ningefanyaje?

Maana yule mama sasa anaita kwa Kiswahili safi kabisa, na ukimsikia utadhani anatafuta funguo.